Kigari cha Kilo Mia na Ishirini

Jumapili, 3 Februari

Kwa mkwe wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo karakana, wewe na mafundi wenzako. Natumaini u mzima na kifua kimeacha kukusumbua, maana mara ya mwisho ulikohoa nyuma ya mke wako nikiongea naye kwenye simu, nikadhani mmefuga mbwa. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Ndani ya hiyo "sijambo" kuna magoti mawili, nitayafikia.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Tangu umuoe mwanangu, miaka saba sasa, mimi na wewe tumeongea habari za mvua, afya na usafiri, basi. Ndivyo ukwe ulivyo na sina ugomvi nao. Lakini leo nina shida, na mficha uchi hazai, ingawa nakiri hiyo si methali ya kumwandikia mkwe. Nisamehe, nimeshaiandika kwa wino na karatasi ndiyo hii moja.

Sikupiga simu kwa sababu simu yako hukaa mezani kwenu na mke wako ana macho. Halafu kwa sauti tungeona haya wote wawili, tukaishia kwenye mvua. Kwa hiyo bahasha nimempa mtu wa kaunta ya mizigo ya basi, aifikishe kazini kwako, si nyumbani.

Shida yenyewe ni hii. Ufuoni tumeletewa msimamizi mpya. Tunamwita Filimbi kwa sababu hiyo ndiyo lugha yake. Amebandika tangazo kwamba kuanzia tarehe mosi Juni, kila anayekodisha vitu aviondoe mchangani kabla ya saa kumi na mbili jioni, asubuhi avirudishe, na avipandishe mwenyewe. Wapagazi wamepigwa marufuku kwenye mteremko kwa sababu ya ugomvi wao. Asiyeweza, nafasi yake anapewa mwingine. Mimi nina viti kumi na sita na miavuli minane, na pale nimekaa miaka ishirini na miwili. Siku zote vitu vyangu vinalala palepale chini ya turubai.

Basi juzi nikajaribu mkokoteni uliojaa. Nilifika katikati ya mteremko, magoti yakagoma. Nikabaki nimeushikilia, kupanda siwezi, kushuka siwezi, mpaka Maboya alipokuja kunipokea. Maboya ni jirani yangu, anakodisha yale maboya ya kuogelea. Filimbi alikuwa juu anatazama, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Wewe unatengeneza vigari vya umeme vya kubebea mizigo maghalani. Mke wako huwa anasimulia mpaka nachoka. Naomba unitengenezee kimoja cha mchangani.

Na usimwambie mke wako. Akijua habari za magoti atakuja na sanduku tupu. Chumba cha nyuma ameshakitundikia mapazia, alinitumia picha. Ni chumba kizuri, na dirisha lake linatazama ukuta. Mimi nikitazama ukuta siku tatu mfululizo nitakuwa marehemu anayekunywa chai.

Ni mimi,
Mama mkwe wako


Alhamisi, 14 Februari

Mama,

Shikamoo. Kifua kimepona, ingawa tangu barua yako ifike nikikohoa tu najisikia nabweka. Nawe naomba Mungu ayatulize hayo magoti. Barua nimeisoma mara tatu nimesimama nyuma ya kabati la spana ili fundi mkuu asinione nikicheka. Sehemu ya mkokoteni sikucheka.

Kigari nitakitengeneza. Tuna kimoja cha ghalani kilichokufa, kimeliwa na kutu lakini mota zake mbili ni nzima, na fundi mkuu amekubali nikichukue. Shida ni mchanga. Gurudumu jembamba huzama kama kijiko kwenye uji. Nitatafuta magurudumu mapana ya kupuliza, tuyaache na upepo kidogo yakae bapa. Fremu nitaichomelea ya mabomba mepesi, betri ikae chini katikati. Utabonyeza kitufe kwa kidole gumba, kinakwenda. Ukiachia, mota zinanyamaza. Lakini kumbuka mota ikinyamaza haishikilii mzigo kwenye mteremko. Anayeshikilia ni breki, na breki nitaiweka kwenye mpini, ya kubana kwa mkono.

Kwa hiyo nipimie urefu wa mteremko na upana wa geti la juu. Na naomba uniandikie uzito wa kila kitu kitakachopanda kwenye kigari. Kila kitu, mama, hata kamba. Si mimi ninayeuliza, breki ndiyo inayotaka kujua.

Kuhusu siri, mimi sijawahi kumficha binti yako jambo kubwa kuliko zawadi. Nitajaribu. Nakuonya tu kwamba mimi ni mwongo mbovu. Masikio hunipata moto, na yeye anayajua hayo masikio.

Mkweo


Jumapili, 24 Februari

Mkwe wangu,

Salamu, na pole na kazi. Huku tu wazima. Joto limezidi na wateja wanagombania miavuli, mmoja amekaa chini ya mwavuli wa mwenzake akadai kivuli kimemfuata chenyewe.

Vipimo ni hivi. Mteremko nimeupima kwa mwavuli uliofungwa, ni miavuli kumi na tisa toka geti mpaka mchanga, na mwavuli wangu una mita mbili. Geti linapitisha watu wawili wanaopendana au mmoja mwenye kiburi. Nikaona utacheka tu hujapata namba, nikarudi na kamba: mita moja na robo.

Uzito nimepima kwa muuza viazi aliyepo barabara ya juu, ana ile mizani kubwa ya kukanyaga. Viti kumi na sita, kilo sitini na nne. Miavuli, ishirini na nane. Turubai na kamba, sita. Ndoo ya vigingi, tisa. Jumla mia na saba. Muuza viazi aliniuliza kama nahama. Ndicho kila kitu.

Nina maombi mawili. Mbele niwekee ubao bapa, upana wa kutosha mto. Na mpini uweze kukunjwa urudi kwa ndani. Usiniulize wa nini, ni mambo yangu.

Jana Filimbi alinipita akaniuliza, "Bibi, umejipangaje na Juni?" Nikamwambia nimejipanga. Akatazama miguu yangu, si uso. Mkwe, nafasi ile nikiipoteza sitaipata tena, na sina kazi nyingine ninayoijua. Fanya haraka bila kulipua.

Mama mkwe wako


Jumamosi, 30 Machi

Mama,

Shikamoo. Habari za siku, habari za joto? Sisi ni wazima. Binti yako anakusalimu bila kujua kwamba anakusalimu.

Kigari kimekwisha. Kimepanda basi leo, vipande vitatu na boksi, na spana mbili nimezifunga ndani ya kitambaa. Maboya atakusaidia kufunga bolti, ni kumi na mbili, nimezipaka rangi nyekundu ili zisichanganywe. Ubao wa mbele upo. Mpini unakunjwa. Sijauliza.

Nimekijaribu kwenye rundo la mchanga wa wajenzi nyuma ya karakana, nikakipakia mifuko ya saruji kilo mia na ishirini. Kimepanda bila kulalamika. Kwenye kuteremka breki imekishika vizuri. Ni breki ya baiskeli, nguvu zake zinaishia hapo, ndiyo maana nimeandika ubavuni kwa rangi nyeupe: MWISHO KILO 120. Una mia na saba, kwa hiyo unayo nafasi ndogo ya kupumua. Mwendeshaji atembee ubavuni, asitangulie mbele. Betri isiguse maji ya chumvi. Ichajiwe nyumbani, mahali pakavu.

Mke wangu amekuta mchanga kwenye mifuko ya suruali yangu akauliza mara mbili. Nikamwambia ni kazi ya mteja. Masikio yakawaka. Tangu siku hiyo amekuwa mpole mno kwangu, na mimi upole wake naujua, ni wa mtu anayesubiri. Nadhani anahisi nina mwanamke. Kwa namna fulani ninaye, mama, na yuko ufuoni na viti kumi na sita. Kikishafika salama naomba uniruhusu nimwambie.

Mkweo


Jumapili, 28 Aprili

Mkwe wangu mpenzi,

Salamu tele, na Mungu aibariki mikono yako na hayo masikio yako. Sijambo, sijambo kweli safari hii. Kuchelewa kuandika ni kwa sababu ya kazi, sasa nafanya kazi kama msichana.

Kigari kimepewa jina. Kinaitwa Mkwe. Asubuhi utasikia watu, "Mkwe ameshuka?" "Ameshuka, amebeba viti vyote." Maboya anakionea wivu, anasema ameozesha mabinti watatu na hajaletewa hata toroli. Filimbi alikuja na saa yake mkononi siku ya kwanza. Vitu vyote vilikuwa juu saa kumi na moja na nusu. Akakizunguka mara mbili, akasoma maandishi yako meupe, akapuliza filimbi kumfukuza mtu mwingine.

Ule ubao ni mgumu lakini nimeutafutia mto mzuri wa sufi. Jioni nikifika nyumbani magoti hayanidai chochote. Kupanda kinaguna kidogo, ila kushuka ndiyo raha, upepo wote usoni. Siku za mwanzo breki ilikuwa inalia kama paka aliyekanyagwa, watu wote wakigeuka, nikaona aibu. Nimeipaka mafuta ya kupikia pale inapobana gurudumu, imenyamaza kabisa.

Kuhusu kumwambia mke wako, hapana. Ngoja Juni ipite. Filimbi akishaniandika kwenye orodha yake, hata yeye akija na masanduku manane atarudi nayo matupu.

Kula vizuri. Sauti ya kifua chako ilikuwa ya mtu asiyekula.

Mama mkwe wako


Ujumbe wa simu, Alhamisi, 2 Mei, saa tisa na dakika kumi alasiri

Mama shikamoo. Barua imefika sasa hivi. Naomba sana usipande kwenye kigari. Breki haina kazi kwa sababu ya mafuta. Usikipandishe leo. Viache vitu mchangani.


Ujumbe wa simu, saa tisa na nusu

Mama, hujasoma. Nimepiga mara nne, haipokelewi. Ukisoma hii kaa mbali nacho. Kikiwa katikati ya mteremko na ukaachia kitufe kitarudi nyuma na wewe juu yake. Mafuta hayatakiwi kwenye breki, ile kelele ndiyo kazi yake.


Ujumbe wa simu, saa kumi kasoro robo

Nimekumbuka simu yako mchana hukaa kwenye droo nyumbani. Mama, naandikia droo. Ukimaliza kazi saa kumi na moja ndipo utakipandisha. Mwenye namba ya Maboya ni mke wangu peke yake.


Ujumbe wa simu, saa kumi na dakika ishirini

Mama nisamehe. Nimemwambia.


Jumapili, 12 Mei

Kwako,

Salamu. Ni mzima. Kifundo cha mguu kimevimba na ubavu una rangi ya bilinganya, lakini ni mzima.

Nakuandikia ili ujue lililotokea kwa kinywa changu, maana mke wako analisimulia kana kwamba yeye ndiye alikuwa juu ya kigari. Siku hiyo nilifunga kazi mapema. Nilikuwa ninapanda, nimekaa kwenye mto, viti vyote nyuma yangu. Katikati ya mteremko Filimbi akapuliza nisimame kuwapisha watu waliokuwa wanateremka. Nikaachia kitufe, nikabana breki. Nikabana tena. Kigari kikaanza kurudi kinyumenyume, polepole kwanza, halafu si polepole. Sikupiga kelele. Niliwaza jambo moja tu, kwamba chini pale kuna watu na mimi siwaoni kwa sababu nimewapa mgongo.

Maboya alikuwa anakuja mbio na simu sikioni, mke wako yumo ndani yake anamwambia anizuie. Aliona, akatupa simu, akabeba maboya yake yote kwa mikono miwili akayamwaga chini ya mteremko nyuma yangu. Kigari kikayaingia. Kumi na moja yamepasuka. Mimi niliangukia kwenye viti, viti vikaniangukia mimi. Simu ilibaki mchangani imewaka, na mwanangu alisikia yote tangu mwanzo, na mlio wa maboya akadhani ni mimi ninayevunjika. Hilo ndilo ninalolilia, kwamba alisikia.

Alifika kesho yake asubuhi. Na sanduku. Hivi ninavyoandika yuko chumbani anakunja nguo zangu, na kila anayokunja naifungua akitoka. Hatujasemezana tangu jana. Aliniambia mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia methali nilimfundisha mimi, asinirudishie.

Kigari Filimbi amekifunga mnyororo kwenye kibanda chake. Anasema hakitoki mpaka aliyekitengeneza aje mwenyewe asimame mbele yake, amwonyeshe kinabeba nini, nani anapanda, na kinasimama wapi. Kabla ya tarehe mosi. La sivyo, jina langu halimo kwenye orodha.

Watu wanasema umeniokoa. Aliyeniokoa ni Maboya. Wewe nilikupa jambo moja la kutunza, ukalitoa. Najua nitasema vingine siku moja, lakini leo ndivyo ninavyojisikia na sitaki kukudanganya.

Usinijibu.

Mama mkwe wako


Alhamisi, 16 Mei

Mama,

Shikamoo. Pole kwa mguu na ubavu. Umesema nisijibu, na hii ni mara ya kwanza ninakukaidi. Ukiona vibaya, mpe binti yako aichane.

Siombi radhi kwa kumwambia. Ningemwambia tena. Nilisimama mbele yake na barua yako mkononi, akaniuliza, "Ni nani?" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujiandaa, nikamwambia, "Ni mama yako," akakaa kitako sakafuni. Kisha akapiga simu bila kuniuliza la pili. Hajanisema mpaka leo. Nyumba ni tupu, nakula mkate na chai, na namngoja anikaripie kama mtu anayengoja mvua.

Radhi ninayokuomba ni nyingine. Mto uliniandikia Februari. Mpini wa kukunjwa uliniandikia Februari. Mimi ni fundi miaka kumi na tano, nikiona mteja anataka mto na mpini unaorudi kwa ndani, najua kuna mtu atakaa hapo. Nilijua, mama. Si kwa kichwa, kwa tumbo. Nikajiambia labda ni mto wa kulinda kikapu cha chakula. Kwa sababu kama ni mtu, ningelazimika kukuuliza swali ambalo mkwe hamuulizi mama mkwe wake. Basi nikaandika "kila kitu", nikatumaini utaelewa. Na wewe ukapima mpaka ndoo ya vigingi, ukashuka kwenye mizani, ukarudi nyumbani. Tukaheshimiana hivyo mpaka ukaning'inia katikati ya mteremko.

Mafuta ni kosa lako, hilo sitalibeba. Lakini hata bila mafuta breki ile ilikuwa ya kubeba viti tu. Siku yoyote ingekatika.

Uliniandikia methali moja ukaiomba radhi. Mimi naishika hiyohiyo na siombi radhi. Mama, una uzito wa kilo ngapi? Na nguo, na viatu, na huo mkoba wako wa funguo.

Nimepata breki mbili za pikipiki, za sahani, za kuweka magurudumu yote ya nyuma. Ipo ya mzigo mdogo na ipo ya mzigo mkubwa. Ndogo nikiiwekea uzito mkubwa itateleza. Kubwa nikiiwekea uzito mdogo itakamata ghafla ikurushe mbele. Siwezi kukisia. Nitaweka na kiti chenye mgongo, na mkanda, na ubavuni nitafuta ile namba na kuandika ya kweli. Likizo nimepewa. Nikiipata namba kabla ya Jumatatu tarehe 27, nachomelea siku hiyohiyo, Jumatano napanda basi, Alhamisi nasimama mbele ya Filimbi.

Nisipoipata, nitajua umechagua. Nitakuja vilevile, ila nitakuja na lori la kubeba kitanda na kabati lako, na sitakulaumu. Ule ukuta wa dirishani nimeutazama jana. Nimeona naweza kuupaka rangi nyeupe. Zaidi ya hapo siwezi kukudanganya, ni ukuta.

Mwanao


Ujumbe wa simu, Ijumaa, 24 Mei, saa saba mchana

Mama shikamoo. Nimetoka kaunta ya mizigo. Hakuna bahasha. Fremu nimeshaikata, breki zote mbili ziko mezani.


Ujumbe wa simu, Jumamosi, 25 Mei, saa kumi na moja jioni

Shikamoo mama. Basi la mwisho limeingia, nimemsaidia yule bwana kupekua gunia lote la barua. Hamna. Nimemuuliza mke wangu kwa simu kama umeisoma barua yangu. Amesema umeisoma, ukaikunja, ukaiweka ndani ya sanduku lake, ukatoka nje kukaa. Sitakusumbua tena. Mwenye lori anataka jibu kesho mchana.


Ujumbe wa simu, Jumapili, 26 Mei, saa tatu asubuhi

Mwanangu, marahaba za siku zote. Tisini na nne. Nimepimwa kwa muuza viazi, watu wakitazama, na viatu na mkoba. Sikuwa na miwani, mke wako ndiye aliyesoma mizani. Alininong'oneza nikuandikie themanini na tisa, nisijiaibishe. Nimekataa. Breki ndiyo inayotaka kujua.

Mama yako